Jengo Linalopumua

Katika somo lililopita ulijifunza kuwa joto husafiri kwa njia tatu: mpitisho, myuko na mnunurisho. Katika somo hili utaziona njia hizo zikifanya kazi katika nyumba. Utaanza na nyumba ya tembe ya Mpwapwa. Kisha utajifunza habari za majengo mawili makubwa ya ofisi, moja la Harare na jingine la Nairobi. Mwishoni utakichunguza chumba unachosomea wewe mwenyewe.

1. Hali ya hewa ya nyanda za kati

Wilaya ya Mpwapwa iko katika Mkoa wa Dodoma, kwenye nyanda za kati za Tanzania. Mji wa Mpwapwa uko mita 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha kwa miezi michache tu, hasa kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi mingine ni ya kiangazi.

Wakati wa kiangazi mbingu huwa nyeupe, bila mawingu mengi. Mchana jua huwaka sana, na ardhi hupata joto kali. Usiku ardhi hulipoteza joto hilo upesi, kwa kuwa hakuna mawingu ya kulizuia. Ndiyo sababu wakazi wa Mpwapwa huona joto saa 8 mchana, lakini hujifunika blanketi usiku huohuo, hasa katika miezi ya Juni na Julai.

Pwani hali ni tofauti. Dar es Salaam hewa ina unyevu mwingi, na usiku haipoi sana. Kumbuka tofauti hii, maana utaihitaji hapo mbele.

2. Nyumba ya tembe

Wagogo, na makabila mengine ya nyanda za kati, wamejenga nyumba za tembe tangu zamani. Kuta zake ni za miti iliyosimikwa karibu karibu, ikakandikwa udongo. Paa lake ni bapa. Juu ya boriti hupangwa fito na matawi, kisha hutandazwa udongo mzito. Nyumba yenyewe ni fupi na ndefu kwa upana, na mara nyingi huzunguka ua ambamo ng'ombe hulala. Juu ya paa watu huweza kuanika mtama na maboga.

Mtu akiingia ndani ya tembe saa 8 mchana, huona ubaridi. Akiingia usiku wa manane, huona ndani kuna joto kuliko nje. Je, nyumba hiyo ina mashine ya kupoza hewa? Haina. Sasa, ubaridi wa mchana hutoka wapi, na joto la usiku hutoka wapi? Fanya jaribio hili upate jibu.

Jaribio la 1: Udongo na joto

Vifaa: Makopo mawili yanayolingana, yenye mifuniko, udongo wa mfinyanzi, maji, vipimajoto viwili, vitambaa viwili vidogo, saa.

Njia:
(a) Toboa tundu katikati ya kila mfuniko, kiasi cha kupitisha kipimajoto.
(b) Kanda udongo kwa maji. Zungushia kopo la kwanza udongo huo, unene wa sentimita 10, pande zote na juu. Acha tundu wazi. Liite kopo A.
(c) Kopo la pili usilipake kitu. Liite kopo B.
(d) Acha udongo wa kopo A ukauke kabisa kivulini. Huenda ukahitaji siku kadhaa.
(e) Weka makopo yote mawili mahali penye jua tangu asubuhi. Ingiza kipimajoto katika kila tundu, na uzibe nafasi iliyobaki kwa kitambaa.
(f) Soma vipimajoto saa 1 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 7 mchana, saa 10 alasiri na saa 12 jioni. Yaache makopo hapo hapo usiku kucha, kisha usome tena saa 12 asubuhi ya siku ya pili.
(g) Andika masomo yako katika jedwali lenye safu tatu: Saa, Kopo A, Kopo B.

Je, umeona nini? Kopo B hupata joto upesi mchana, na hupoa upesi jioni. Kopo A hupata joto polepole, na hupoa polepole.

Sababu yake ni hii. Bati la kopo ni jembamba, na madini hupitisha joto vizuri. Udongo mkavu ni kipitishi kibaya cha joto. Tena udongo ni mwingi, kwa hiyo huhitaji joto jingi kabla haujawa wa moto. Joto la jua huingia katika ukuta wa udongo taratibu. Kabla halijafika ndani, jua limekwisha kushuka. Usiku joto hilo hutoka polepole, na sehemu yake huingia chumbani. Hivyo ukuta mnene wa udongo hufanya kazi ya ghala: mchana hupokea joto na kulitunza, usiku hulitoa.

Tembe lina kasoro zake pia. Madirisha yake ni machache na madogo, kwa hiyo ndani kuna giza. Moshi wa jikoni ukikosa pa kutokea, huumiza macho na mapafu. Mvua kubwa ikinyesha, paa la udongo huweza kuvuja. Aidha, tembe hutumia miti mingi, na mchwa huila miti hiyo. Mwanasayansi hasemi kuwa jambo ni jema kwa sababu ni la zamani, wala kuwa ni baya kwa sababu hiyo. Hulipima, akachukua lililo jema na kurekebisha lenye kasoro.

3. Hewa yenye joto hupanda

Kasoro ya moshi na hewa chafu huondolewa kwa kuipa hewa njia ya kuingilia na njia ya kutokea. Jaribio lifuatalo litakuonyesha njia hizo ziwekwe wapi.

Jaribio la 2: Hewa inavyopita chumbani

Vifaa: Sanduku la karatasi ngumu, karatasi nyingine ngumu ya kutengenezea mabomba mawili, plastiki inayopitisha mwanga, mshumaa mfupi, kibiriti, kipande cha kamba ya katani.

Tahadhari: Jaribio hili lifanywe mbele ya mwalimu. Weka ndoo ya maji karibu.

Njia:
(a) Kata upande mmoja wa sanduku, uzibe kwa plastiki ili uone ndani.
(b) Toboa matundu mawili juu ya sanduku, moja kila mwisho. Simika bomba la karatasi juu ya kila tundu.
(c) Weka mshumaa ndani ya sanduku, chini ya tundu la kwanza. Uwashe. Hakikisha kuwa mwali hauigusi karatasi.
(d) Washa ncha ya kamba, kisha uizime mwali ili ibaki ikitoa moshi. Ishike juu ya bomba la pili.

Moshi umekwenda wapi? Badala ya kupanda, umeshuka ndani ya bomba la pili, ukapita sandukuni, ukatokea juu ya mshumaa. Hewa iliyo juu ya mshumaa hupata joto, hutanuka na kuwa nyepesi. Kwa hiyo hupanda na kutoka katika bomba la kwanza. Hewa baridi, ambayo ni nzito zaidi, huingia kwa bomba la pili kushika nafasi yake. Mwendo huu wa hewa ndio myuko.

Kutokana na jaribio hili tunajifunza kanuni moja ya ujenzi: hewa baridi iingie chini, na hewa yenye joto itokee juu. Nyumba yenye njia zote mbili ni kama inapumua.

4. Fundisho la kichuguu

Ukitembea nje ya mji wa Mpwapwa utaona vichuguu vingi. Kichuguu ni kazi ya mchwa, wadudu wadogo wasio na vipimo wala ramani. Ndani yake mna mashimo na mapito mengi. Aina fulani za mchwa huotesha kuvu ndani ya kiota, kisha hula chakula kilicholainishwa na kuvu hao. Mamilioni ya mchwa na kuvu hao wanahitaji hewa safi.

Zamani wataalamu walidhani kuwa kichuguu ni kama bomba la moshi: hewa yenye joto hupanda na kutoka kileleni, na hivyo kiota hupoa. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kuwa mambo si mepesi hivyo. Katika baadhi ya vichuguu vilivyochunguzwa, upepo wa nje husukuma na kuvuta hewa kupitia vitundu vidogo vya udongo, kama mapafu yanavyofanya. Na kinachokifanya kiota kisipate joto kali wala baridi kali ni hasa wingi wa udongo unaokizunguka. Bila shaka umeikumbuka kazi ya udongo katika Jaribio la 1.

5. Jengo la Eastgate, Harare

Mwaka 1996 lilifunguliwa jengo kubwa katikati ya jiji la Harare, Zimbabwe. Jengo hilo huitwa Eastgate. Aliyelisanifu ni Mick Pearce, msanifu majengo wa Zimbabwe, akishirikiana na wahandisi. Chini kuna maduka, na juu kuna ofisi. Ni majengo mawili marefu ya ghorofa 9 yaliyosimama sambamba, na nafasi iliyo kati yake imefunikwa kwa paa la kioo.

Majengo mengi ya ofisi ya siku hizi hupozwa kwa mashine zinazotumia umeme mwingi. Eastgate halikujengwa hivyo. Msanifu wake alitafakari jinsi kichuguu kinavyoishi na hewa, kisha akatumia zege na matofali mazito.

Kazi yake huenda hivi. Usiku hewa ya Harare hupoa. Feni huivuta hewa hiyo baridi na kuipitisha katika nafasi zilizo ndani ya sakafu za zege. Zege hupoa. Mchana hewa ya nje hupita tena katika sakafu hizo, hupoa kidogo, kisha huingia maofisini. Watu, taa na mashine za ofisi huipa hewa hiyo joto, nayo hupanda na kutokea katika mabomba marefu ya matofali yaliyo juu ya paa. Kuta zake zina vivuli vya zege na mimea, ili jua lisipige moja kwa moja kwenye madirisha.

Feni hutumia umeme, lakini ni mdogo kuliko umeme ambao ungetumiwa na mashine za kupoza hewa katika jengo la ukubwa huo.

Sasa fikiri. Je, jengo kama hili lingefaa Dar es Salaam? Lingefaa kidogo tu, kwa sababu usiku wa pwani haupoi sana, na zege lisingepata ubaridi wa kutosha wa kutunza. Pwani nyumba huhitaji zaidi madirisha mapana, baraza na upepo wa bahari. Lakini Dodoma na Mpwapwa, kama Harare, ziko juu na zina usiku wenye ubaridi. Ujenzi wa namna hii unaweza kufaa huku. Nyumba njema hujengwa kulingana na hali ya hewa ya mahali pake.

6. Ofisi za Gigiri, Nairobi

Umoja wa Mataifa una makao yake makubwa ya Afrika huko Gigiri, Nairobi. Shirika lake la mazingira, UNEP, lilianzishwa mwaka 1972, na makao yake yako hapo. Mwaka 2011 zilifunguliwa hapo ofisi mpya kwa ajili ya wafanyakazi wapatao 1,200. Ni majengo manne yaliyounganishwa.

Katikati ya kila jengo kuna uwazi mkubwa wenye paa linalopitisha mwanga. Mwanga wa jua huingia hadi ndani, kwa hiyo taa hazihitajiki sana mchana. Hewa yenye joto hupanda katika uwazi huo na kutokea juu, kama ulivyoona katika Jaribio la 2. Juu ya mapaa kuna vigae vya kuzalisha umeme kwa mwanga wa jua, vyenye eneo la mita za mraba 6,000 hivi. Maji ya mvua hukingwa, na maji machafu husafishwa kisha hutumika kumwagilia bustani.

7. Rangi na joto

Watu hupaka nyumba rangi ili zipendeze. Lakini rangi ina kazi nyingine. Rangi nyeusi na rangi zilizoiva hufyonza sehemu kubwa ya mnunurisho wa jua. Rangi nyeupe na rangi nyepesi huurudisha.

Unaweza kupima jambo hili kwa urahisi. Chukua makopo mawili sawa, paka moja rangi nyeupe na jingine nyeusi. Tia maji yenye kiasi sawa, uyafunike, uyaweke juani kwa saa moja. Kisha pima joto la maji. Maji ya kopo jeusi yatakuwa na joto zaidi.

Basi, jengo likiwa na rangi nyingi za kupendeza, rangi hizo ziwekwe kwa akili. Paa, ambalo hupigwa na jua kuliko sehemu nyingine, lifaa kupakwa rangi nyeupe au nyepesi. Rangi zilizoiva zaweza kupamba milango, nguzo na kuta zilizo kivulini.

Upande wa kuelekea nao ni muhimu. Jua la asubuhi hupiga kuta za mashariki, na jua la alasiri hupiga kuta za magharibi. Jua la adhuhuri huwa juu, na ukingo wa paa huweza kulizuia. Kwa hiyo nyumba ndefu hujengwa pande zake fupi zikielekea mashariki na magharibi, na madirisha yake kaskazini na kusini.

8. Kwa nini jambo hili linatuhusu

Mwaka 1973 iliamuliwa kuwa makao makuu ya nchi yetu yahamie Dodoma. Tangu mwaka 2016 Serikali ilihamia kwa kasi, na mwaka 2018 Dodoma ilitangazwa kuwa jiji. Ofisi nyingi zimejengwa, na nyingine zitajengwa wewe ukiwa mtu mzima. Kila jengo linalojengwa vibaya huwa na deni linalolipwa kila siku, nalo ni umeme wa kuondoa joto ambalo lingezuiwa na ukuta, kivuli au tundu la hewa.

Sehemu kubwa ya umeme wetu hutokana na nguvu ya maji na gesi asilia. Bwawa la Mtera, lililo mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa, ni mojawapo ya mabwawa ya umeme. Mvua ikikosekana, maji ya mabwawa hupungua. Gesi nayo ikichomwa haiwezi kurudi.

Kuna jambo la pili, nalo ni miti. Matofali ya kuchoma huhitaji kuni nyingi. Miti ikikatwa vilimani, mvua huchukua udongo wa juu, na makorongo hutokea. Nyanda za kati zinaijua hatari hiyo. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioitwa HADO, ili kuiokoa ardhi iliyokuwa ikimomonyoka. Shamba likipoteza udongo wake wa juu, haliwezi kulisha watu kama zamani.

Je, tuache kujenga? La. Tunaweza kujenga bila kuchoma matofali. Udongo huchanganywa na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha hukaushwa kivulini huku ukimwagiliwa maji ili saruji ishike. Baadhi ya matofali hayo hutengenezwa yafungamane, moja likishikana na jingine. Hayahitaji tanuri. Ukuta wake ni mzito kama wa tembe, lakini hauliwi na mchwa.

9. Chunguza darasa lako

Fanyeni kazi hii kwa makundi ya wanafunzi watano.

(a) Pimeni joto la darasa saa 2 asubuhi, saa 5 asubuhi na saa 8 mchana. Pimeni pia joto la nje kivulini saa hizohizo.
(b) Tazameni paa. Ni la nini, na lina rangi gani? Je, kuna dari?
(c) Hesabuni njia za hewa zilizo chini na zilizo juu ya kuta.
(d) Tafuteni ukuta unaopigwa na jua la alasiri.
(e) Andikeni mambo mawili yanayoweza kurekebishwa kwa gharama ndogo. Kwa mfano, kupanda mti upande wa magharibi, au kuzibua matundu ya hewa yaliyozibwa. Msomeeni mwalimu mapendekezo yenu, mkionyesha vipimo vyenu.

Muhtasari

Udongo na zege nzito hupokea joto polepole na kulitoa polepole. Hewa yenye joto hupanda, kwa hiyo itokee juu, na hewa baridi iingie chini. Rangi nyepesi hurudisha mnunurisho wa jua. Vivuli na upande wa kuelekea hupunguza joto kabla halijaingia. Jengo likizingatia mambo haya huhitaji umeme kidogo.

Maswali

1. Kwa nini ndani ya tembe kuna ubaridi mchana na joto usiku?
2. Taja kasoro tatu za tembe. Kwa kila kasoro, eleza namna ya kuirekebisha.
3. Katika Jaribio la 2, kwa nini moshi ulishuka badala ya kupanda?
4. Eleza kazi ya zege katika jengo la Eastgate, usiku na mchana.
5. Kwa nini ujenzi wa Eastgate unaifaa Dodoma kuliko Dar es Salaam?
6. Fundi ana rangi mbili, nyeupe na kahawia iliyoiva. Mshauri aipake ipi kwenye paa na ipi kwenye milango. Toa sababu.
7. Eleza uhusiano uliopo kati ya matofali ya kuchoma na mmomonyoko wa udongo.
8. Chora jengo la ofisi lenye maduka chini, linalofaa kujengwa katika mji wa Mpwapwa. Onyesha kwa mishale mahali hewa inapoingilia na inapotokea. Andika upande upi ni mashariki.